Inasubiri Kutumwa

Lori la samaki limeiangusha nguzo ya Degañ.
Ndivyo asemavyo Baldramina, na kwa Baldramina
habari hufika kabla hazijatokea.
Mimi nimeona tu kile kialama cha kijani
kwenye kona ya skrini kikigeuka kijivu,
kama jicho la samaki aliyelala siku mbili kwenye barafu.

Saa nne asubuhi. Mvua ya Quemchi, ile ipigayo ubavuni.
Foleni imefika hadi kwenye magunia ya viazi
na kila mtu ameshika kadi
kama mtoto aliyeshika tiketi ya gari lililokwisha ondoka.

"Subirini." Nazima. Nawasha.
Nampigia fundi aliyetuuzia mfumo, kule Puerto Montt;
simu nayo ni bubu, nguzo ni ile ile.
Basi nabonyeza kitufe nilichoonyeshwa mara moja,
Machi, siku ya mafunzo, huku nikimenya chungwa:
*Endelea bila mtandao.*
Mashine inawaza. Kisha inaniuliza:
*Kiwango cha juu kwa kila kadi?*
Naandika elfu ishirini. Nafuta. Naandika thelathini.
Mimi ni nani hata niipimie Quemchi imani kwa peso?

Bibi yangu Zunilda hakuwa na kiwango.
Alikuwa na daftari lililofungwa kwa uzi wa nyavu,
penseli aliyoilamba ncha hadi ulimi ukapata doa,
na juu ya mlango kibao: *leo taslimu, kesho mkopo*,
ambacho yeye mwenyewe hakukifuata hata Jumatatu moja.
Deni haliozi, alisema. Huoza mtu.
Nilipoleta mashine nikamwambia, Bibi, hayo yamekwisha.

Na leo mashine inakopesha.
Inapokea kadi bila kujua kama ndani mna kitu,
inatema risiti, inaandika pembeni kwa herufi ndogo:
*inasubiri kutumwa.*
Kumi na moja. Ishirini na sita.
Mafuta, mishumaa, hamira, nepi, betri za redio.

Zamu ya Ambrosio Millalonco.
Mikono inanuka kome, unga kilo tano,
kadi imevunjika pembe.
Na mimi, sijui nilimwona nani,
nikasema: "Don Ambrosio, leo ni vigumu kidogo."
Hakubisha. Aliuweka unga chini polepole
kama mtu anayemlaza mtoto, akatoka mvuani.

Nyuma yake, msimamizi wa mabwawa ya samoni.
Jaketi lenye nembo. Buti zisizo na tope, katika mji huu!
Jibini, mvinyo, nyama: elfu ishirini na tisa na mia tisa.
Sikuwaza. Nikampa na mfuko wa bure.

Baldramina akakohoa. Kikohozi chake nakijua.

Saa nane Ambrosio akarudi na noti
za ndani ya kopo, zimelowa, zinanuka moshi,
akazibandika kwenye kaunta moja moja.
Chenji haikutosha. "Utaniandikia," akasema.
Utaniandikia! Akanikopesha mimi
peso mia nne, foleni nzima ikitazama.

Saa kumi na mbili na robo kijani kikarudi.
Hakuna aliyepiga makofi, duka lilikuwa tupu.
Ile foleni nyingine, iliyojipanga ndani ya mashine,
ikaanza kusogea: imekubaliwa, imekubaliwa,
nami nimesimama na ufagio
kama anayesikiliza majina ya waliofaulu mtihani.
Hamsini na nane. Moja ikagoma.
*Salio halitoshi.* Elfu ishirini na tisa na mia tisa.

*Jaribu tena? Futa?*

Sikubonyeza. Nikapekua droo, chini ya roli za karatasi.
Penseli ya Bibi bado ina alama za meno yake.
Nyuma ya risiti nikaandika, kwanza kabisa,
kabla ya yule mwenye buti:
*Ambrosio Millalonco ananidai mia nne.*
Na zaidi ya mia nne, lakini safu ya kuandikia hilo
hata daftari la Bibi halikuwa nayo.
Nililamba ncha. Kumbe ni chungu.